KURA NI YA MTU, SI YA KADI
Maisha ya wanawake waliopigania haki ya kupiga kura

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wa shule za kambi katika maadhimisho ya Siku ya Wanawake Duniani, 8 Machi. Inachapishwa hapa kwa ombi la Kamati ya Jamii.)

  

 Tulipoombwa kuandaa mada ya siku ya leo, tuliambiwa tuzungumze juu ya haki za wanawake kwa ujumla. Sisi walimu tulikaa, tukashauriana, tukaona kuwa haki za wanawake kwa ujumla ni bahari, na anayetaka kuvuka bahari yote kwa saa moja atazama. Tukachagua jambo moja tu, nalo ni kura. Tutaeleza maisha ya wanawake wachache walioipigania, walikuwa watu gani, walifanya nini, na walilipa gharama gani.

Sababu ya kuchagua jambo hilo haijifichi. Uchaguzi wa viongozi wa vijiji na zoni unakaribia. Wote mmesikia pendekezo lililotolewa katika mkutano uliopita, kwamba safari hii kila kadi ya mgao iwe na kura moja, na mwenye jina lililoandikwa mbele ya kadi ndiye apige. Waliotoa pendekezo hilo hawana nia mbaya. Walisema litapunguza foleni, litazuia mtu kupiga kura mara mbili, na kwamba nyumba moja ina mawazo mamoja. Kamati haijaamua. Basi kabla haijaamua, tumeona ni vema tuwasikilize watu waliowahi kuambiwa maneno hayo hayo, katika nchi nyingine na miaka mingine.

MWALIMU ALIYEFIA UGENINI

Tuanze na siku yenyewe. Watu wengi hudhani 8 Machi ni siku ya vitenge na ngoma. Si vibaya, tumecheza na tutacheza tena. Lakini siku hii ilizaliwa na madai ya kura.

Mwaka 1910 wanawake wa vyama vya wafanyakazi na vya kisoshalisti kutoka nchi mbalimbali walikutana Copenhagen, Denmark. Mjerumani mmoja, Clara Zetkin, pamoja na wenzake, alitoa pendekezo kwamba kila mwaka kuwe na siku moja ya wanawake, na dai kubwa la siku hiyo liwe haki ya kupiga kura. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Machi 1911, siku hiyo iliadhimishwa Ujerumani, Austria, Denmark na Uswisi. Tarehe 8 Machi ilishika baadaye, kwa sababu mwaka 1917 wanawake wa Petrograd, Urusi, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, waligoma siku hiyo wakidai mkate na amani. Katika siku chache tu mfalme wa Urusi aliondoka madarakani, na mwaka huo huo wanawake wa Urusi wakapata kura.

Huyu Clara Zetkin alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1857, akasomea ualimu mjini Leipzig. Alipokuwa kijana serikali ilipiga marufuku chama chake. Mwenzake Ossip Zetkin alifukuzwa nchini, naye Clara akaondoka, wakaishi Paris kwa shida na watoto wawili. Ossip alifariki mwaka 1889, akamwacha mjane ugenini. Alirudi kwao sheria ilipobadilika. Wanawake wa Ujerumani walipewa kura Novemba 1918, na Clara akawa mbunge. Mwaka 1932, akiwa na miaka 75, mgonjwa, alifungua kikao cha bunge kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwa umri. Alitumia nafasi hiyo kuwaonya wenzake juu ya chama cha Hitler. Mwaka uliofuata Hitler akashika madaraka. Clara alifariki mwaka huo huo wa 1933 karibu na Moscow, nje ya nchi yake kwa mara nyingine.

Akina mama, siku mnayoiadhimisha leo ililetwa na mwalimu aliyewahi kuwa mkimbizi, na aliyefia ugenini. Asiwepo mtu wa kutuambia kwamba mambo haya ni ya wenye nchi zao tu.

KARATASI ZILIZOZUNGUSHIWA MPINI WA UFAGIO

Sasa twende mbali zaidi, New Zealand. Nchi hiyo ndiyo ya kwanza kati ya nchi zinazojitawala kuwapa wanawake kura ya bunge, tarehe 19 Septemba 1893. Anayekumbukwa zaidi huko ni Kate Sheppard.

Kate alizaliwa Liverpool, Uingereza. Baba yake alifariki, mama yake akahama na watoto hadi mji wa Christchurch, New Zealand. Aliolewa, akapata mtoto wa kiume. Alijiunga na chama cha wanawake Wakristo waliopinga ulevi. Mnajua jinsi pombe inavyoila nyumba, basi na huko ilikuwa hivyo. Wanawake waliomba Bunge liweke sheria za kudhibiti pombe, na waligundua kuwa Bunge haliwasikii kwa sababu hawana kura. Mwaka 1887 Kate alipewa kuongoza idara ya kudai kura katika chama hicho.

Hakuwa na jeshi wala fedha. Alikuwa na kalamu, na alikuwa na wanawake waliokubali kutembea. Walikwenda nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, wakiomba saini za wanawake wenzao. Mwaka 1891 walipata saini zaidi ya 9,000. Bunge likakataa. Mwaka 1892 wakapata karibu 20,000. Likakataa tena. Mwaka 1893 wakapata karibu 32,000, yaani karibu robo ya wanawake wazima wa asili ya Ulaya waliokuwa nchini. Karatasi kubwa zaidi ya 500 zilitumwa kwa Kate. Alizigundisha moja baada ya nyingine mpaka zikawa mkanda mmoja mrefu, akauzungushia kipande cha mpini wa ufagio. Mbunge mmoja aliyewaunga mkono, John Hall, aliuleta bungeni akauachia ubingirike katikati ya ukumbi, hadi mpini ukagonga ukuta wa upande wa pili.

Wapinzani nao hawakulala. Wauza pombe walikusanya saini zao katika vilabu vya pombe, na ilibainika kuwa baadhi ya majina yalikuwa ya uongo. Waziri Mkuu, Richard Seddon, hakutaka sheria hiyo ipite. Inasimuliwa kwamba alimshinikiza mjumbe mmoja wa baraza la juu abadili kura yake. Wajumbe wawili waliokuwa wapinzani walikasirishwa na hila hiyo, nao wakabadili za kwao kuelekea upande wa wanawake. Sheria ikapita kwa kura 20 dhidi ya 18. Mwenye hila aliangushwa na hila yake.

Baada ya hapo palibaki wiki kumi tu hadi uchaguzi. Watu walisema wanawake hawatajitokeza, na wakijitokeza watasumbuliwa na walevi vituoni. Wanawake zaidi ya 100,000 walijiandikisha, na wapatao 90,000 walipiga kura. Siku ilipita kwa utulivu.

Hapa kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, wanawake wa Kimaori, wenyeji wa nchi ile, nao walisimama. Mwaka huo huo wa 1893 Meri Te Tai Mangakāhia alizungumza mbele ya bunge la Wamaori akitaka wanawake wapige kura na pia wachaguliwe. Alieleza kuwa wanawake wengi wa Kimaori wana ardhi yao wenyewe na wanaisimamia wenyewe. La pili, kura ilikuja kabla ya kiti. Wanawake wa New Zealand hawakuruhusiwa kugombea ubunge hadi 1919, na mwanamke wa kwanza aliingia bungeni mwaka 1933. Miaka 40 walichagua bila kuwa na mmoja wao ndani. Kate Sheppard alimwona huyo wa kwanza akiingia. Alifariki mwaka uliofuata, 1934.

WALIMU WAWILI WA MAREKANI

Tunaomba radhi kwa kuwapendelea walimu, lakini hatukuwatafuta. Tulipofungua historia tuliwakuta wamejaa humo.

Susan B. Anthony alizaliwa mwaka 1820 katika jimbo la Massachusetts. Alifundisha shule kwa miaka mingi, na alijua vizuri kwamba mwalimu mwanamume alilipwa mara kadhaa zaidi yake kwa kazi ile ile. Mwaka 1853 alihudhuria mkutano wa walimu mjini Rochester. Wengi waliokuwa ukumbini walikuwa wanawake, lakini waliokuwa wakizungumza ni wanaume tu. Walikuwa wakijadili kwa nini kazi ya ualimu haiheshimiwi kama ya mwanasheria, daktari au mchungaji. Susan alisimama akaomba kusema. Wanaume walibishana kwa muda wa karibu nusu saa kama aruhusiwe, naye amesimama tu, akiogopa kwamba akikaa atapoteza nafasi. Aliporuhusiwa alisema maneno machache. Aliwaambia kuwa madhali jamii inasema mwanamke hana akili ya kuwa mwanasheria au daktari, lakini akili ya ualimu anayo, basi kila mwanamume anayechagua kuwa mwalimu anakiri mwenyewe kuwa akili zake hazizidi za mwanamke. Kisha akakaa.

Tarehe 5 Novemba 1872 Susan, dada zake na wanawake wengine wa Rochester walikwenda kituoni wakapiga kura ya rais. Alikamatwa kama wiki mbili baadaye. Mwaka 1873 alifikishwa mahakamani. Hakimu hakuwaacha wazee wa baraza waamue. Alisoma uamuzi aliokuwa amekwisha kuuandika, akawaamuru wamwone ana hatia, akamtoza faini ya dola 100. Susan alimwambia hatalipa hata dola moja ya adhabu isiyo ya haki, na kweli hakulipa hadi kufa kwake mwaka 1906. Kura ya wanawake wa Marekani nzima ilikuja mwaka 1920. Hakuiona.

Mwalimu wa pili ni Ida B. Wells. Huyu alizaliwa utumwani mwaka 1862, katika mji wa Holly Springs, Mississippi. Alipokuwa na miaka 16 homa ya manjano iliwaua baba yake, mama yake na mdogo wake mmoja. Ndugu walitaka kuwagawa watoto waliobaki, kila mmoja nyumba yake. Ida alikataa. Alikwenda kufundisha shule ya kijijini ili awalee wadogo zake pamoja. Katika kambi hii wapo wasichana wengi wanaolea wadogo zao. Tunaomba wamjue Ida.

Baadaye alihamia Memphis, akawa mwandishi na mmoja wa wenye gazeti. Mwaka 1892 marafiki zake watatu, wafanyabiashara weusi, waliuawa na kundi la wazungu. Ida aliandika ukweli kuhusu mauaji ya namna hiyo. Akiwa safarini, ofisi ya gazeti lake iliharibiwa, na akapelekewa habari kwamba akirudi atauawa. Hakuweza kurudi kuishi huko. Alikuwa mkimbizi ndani ya nchi yake mwenyewe.

Tarehe 3 Machi 1913 wanawake walifanya maandamano makubwa mjini Washington kudai kura. Ida alikwenda na wanawake wa Illinois. Viongozi waliogopa kuwaudhi wanawake wazungu wa majimbo ya kusini, wakamwambia Ida na weusi wenzake watembee nyuma kabisa. Ida aliondoka, wakadhani amekubali. Maandamano yalipokuwa njiani alitokea katikati ya watazamaji akaingia katika safu ya Illinois, wazungu wawili waliomuunga mkono wakawa kulia na kushoto kwake, akatembea hadi mwisho. Ndugu zetu, hata katika kudai haki mtu anaweza kumwambia mwenziwe akae nyuma. Sisi tulio wa makabila na nchi mbalimbali katika kambi moja tunalijua hilo.

Mwaka huo huo Ida alianzisha Chicago chama cha wanawake weusi cha kudai kura. Wanawake wa Illinois walipopata haki ya kupiga baadhi ya kura, chama chake kilipita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha. Baadhi ya wanaume waliwazomea wakiwaambia warudi nyumbani kulea watoto. Hawakurudi. Mwaka 1915 kura zao zilisaidia kumweka mtu mweusi wa kwanza katika baraza la jiji la Chicago. Alikuwa mwanamume. Wale waliozomea walipata mwakilishi kwa kura za waliozomewa.

FAMILIA YA PANKHURST NA MZEE FAWCETT

Uingereza kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya Millicent Fawcett. Mwaka 1866, akiwa bado msichana asiyefikia umri wa kutia saini, alisaidia kukusanya saini za ombi la kwanza kubwa la wanawake kwa Bunge. Aliendelea kwa mikutano, barua na maombi, bila kuvunja sheria, hadi 1928, wanawake walipopata kura sawa na wanaume. Hesabuni wenyewe, ni miaka 62. Yeye alikuwa na bahati ya kuiona.

Njia ya pili ni ya Emmeline Pankhurst wa Manchester na binti zake Christabel na Sylvia. Mwaka 1903 walianzisha chama chao wakisema maneno yamekwisha, sasa vitendo. Walivuruga mikutano, wakavunja madirisha, na wengine wakachoma majumba yasiyokaliwa. Walipofungwa waligoma kula. Serikali iliwalisha kwa nguvu kwa mpira uliopitishwa mdomoni au puani. Mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kumwachia mfungwa aliyedhoofu kwa njaa na kumkamata tena akipata nafuu. Watu waliiita Sheria ya Paka na Panya. Mwezi Juni mwaka huo Emily Davison aliingia uwanjani kwenye mashindano ya farasi, akagongwa na farasi wa mfalme, akafa siku nne baadaye.

Hatuwaelezi haya ili mtu avunje dirisha la ofisi. Katika kambi hii dirisha likivunjika, anayelala na baridi ni sisi. Tunawaeleza ili mjue kuwa kitu hiki kililiwa njaa na watu.

Sheria ya 1918 iliwapa kura wanawake waliofikia miaka 30 wenye masharti fulani ya nyumba au mali, wakati mwanamume alipiga akiwa na miaka 21. Usawa ulikuja tarehe 2 Julai 1928. Emmeline alikuwa amefariki tarehe 14 Juni, wiki chache tu kabla.

Binti yake Sylvia ana undugu na upande wetu wa Afrika. Yeye alikwenda kuishi na wanawake maskini wa mashariki ya London, akafungua huko kliniki ya watoto na mahali pa kula kwa bei ndogo wakati wa vita. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 aliitetea Ethiopia kwa gazeti lake kwa miaka mingi. Mwaka 1956 alihamia Addis Ababa, akafariki huko mwaka 1960, na huko ndiko alikozikwa.

MAMA WA ABEOKUTA, NA SISI WENYEWE

Kuna wanaosema kura ya mwanamke ni desturi ya wazungu. Basi tumtazame Funmilayo Ransome-Kuti wa Nigeria. Alizaliwa mwaka 1900 mjini Abeokuta, akawa mwalimu. Alikuwa na chama cha wanawake waliosoma, waliojifunza kushona na kupika keki. Kisha akaanza kuwafundisha kusoma akina mama wa sokoni. Mwalimu anapofundisha vizuri naye hufundishwa. Wale akina mama walimweleza habari za kodi. Walitozwa kodi kwa lazima, lakini katika utawala wa mji hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa kusema fedha hizo zinakwenda wapi.

Chama kikageuka kuwa umoja wa wanawake wote, waliosoma na wasiosoma. Funmilayo aliacha magauni ya kizungu akavaa nguo za wenzake, na mikutanoni akasema Kiyoruba hata mbele ya maofisa Waingereza, watafute mkalimani wao. Kuanzia mwaka 1947 maelfu ya wanawake walikusanyika mbele ya ikulu ya mtawala, wakaimba, wakalala hapo. Waliponyimwa kibali cha kuandamana walisema hawaandamani, wanakwenda kula na kustarehe pamoja. Kodi ile ya wanawake ikasimamishwa, na Januari 1949 mtawala akaondoka mjini.

Funmilayo aliendelea kudai kura kwa wanawake wa Nigeria yote. Wa kusini walipata katika miaka ya 1950. Wa kaskazini hawakupata hadi 1976. Mwaka 1977 askari walivamia nyumba ya mwanawe, mwanamuziki Fela, wakamtupa mama huyu dirishani. Aliumia, akafariki Aprili 1978. Uchaguzi wa kwanza ambao wanawake wa kaskazini walipiga kura, wa 1979, hakuufikia.

Na kwetu je? Wale wetu tuliotoka Kongo, tuwaulize wazee. Katika uchaguzi wa Mei 1960 wa kuelekea uhuru, waliopiga kura walikuwa wanaume. Akina mama walibeba mabango, wakaimba, wakapika kwenye mikutano, lakini sanduku halikuwa lao. Haki hiyo iliwafikia kwa katiba ya 1967. Na hapa Tanzania, nchi iliyotupokea, Bibi Titi Mohamed alikuwa na elimu ya miaka michache ya shule ya msingi na sauti ya kuimba katika vikundi vya ngoma. Kwa sauti hiyo aliwaingiza maelfu ya wanawake katika TANU katika miaka ya 1950. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 sheria ya wakoloni ilidai mpiga kura awe na kipato, elimu au cheo cha namna fulani. Wengi wa waliojaza mikutano ya Bibi Titi hawakuwa na hata kimoja. Waliujenga uhuru kabla ya kuruhusiwa kuupigia kura.

TURUDI KWENYE KADI

Ndugu Mwenyekiti, sasa tuseme tuliyojifunza.

Katika nchi zote hizi wapinzani walikuwa na hoja moja kubwa, kwamba mume anapiga kura kwa niaba ya nyumba, kwa hiyo kura ya mke ni ya bure. Hoja hiyo ndiyo iliyomo ndani ya pendekezo la kadi. Waingereza waliijaribu. Mwaka 1869 waliwaruhusu wanawake waliolipa kodi ya nyumba kupiga kura za mabaraza ya miji. Mwaka 1872 mahakama ikaamua kuwa mwanamke aliyeolewa hamo. Maana yake mjane alikuwa na kura, na msichana mwenye nyumba yake alikuwa na kura, lakini akiolewa tu kura inakwisha.

Hebu tazameni kadi zetu. Nyumba ya mjane, kadi ina jina lake, atapiga kura. Nyumba ya jirani yake yenye mume na mke, kadi nyingi zina jina la baba, mama hatapiga. Je, ndoa imekuwa kosa la kumnyima mtu kura? Na yule bibi anayeishi na mwanawe, aliyetuzaa sisi wote, kadi ina jina la kijana. Na kijana wa miaka 20, mwanamume kamili, naye hatapiga kwa sababu jina ni la baba yake. Kwa hiyo pendekezo hili haliwaumizi akina mama peke yao. Kadi ni ya kugawa unga, maharage na mafuta. Haikutengenezwa kwa ajili ya kugawa sauti za watu.

Inasemwa nyumba moja ina mawazo mamoja. Nani anayejua foleni ya bomba ilivyo saa kumi alfajiri? Nani anayejua njia ya kuni ipi ni salama na ipi si salama? Baba anaweza kuwa mtu mwema sana na asijue, kwa sababu siyo yeye anayepita. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 21, linasema kila mtu ana haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake, na kwamba kura iwe ya wote na iliyo sawa. Wengi wetu hatujapiga kura ya nyumbani tangu tuvuke mpaka, na katika nchi inayotuhifadhi sisi si wapiga kura. Kura ya kijiji na zoni ndiyo pekee tuliyo nayo mkononi. Tukiikata nusu, tumebaki na nini?

Kwa hiyo sisi walimu tunaiomba Kamati mambo manne.

Moja, kila mtu mzima apige kura yake mwenyewe, mwanamume na mwanamke. Hofu ya kupiga mara mbili ina dawa, nayo ni wino kidoleni na orodha ya majina ya kila kijiji. Walimu tuko tayari kuandika orodha hizo bila malipo.

Mbili, siku ya kura isiwe siku ya mgao, na mikutano ya wagombea isiwekwe saa za maji na kuni. Mkutano wa saa za maji ni mkutano wa wanaume, hata kama haukutangazwa hivyo.

Tatu, kila mgombea awe na picha au alama, ili asiyesoma achague bila kumwonyesha mtu karatasi yake. Ndugu zetu wa mashirika, hapa tunawaomba karatasi, wino na masanduku.

Nne, mama akichaguliwa apewe kazi na nafasi ya kusema. Isiwe jina lake linaandikwa kwenye orodha ili wageni wafurahi, kisha mkutanoni anatumwa kuleta viti.

Na sisi tunaahidi jambo moja. Kuanzia Jumatatu ijayo saa kumi jioni, katika darasa la nne, tutafundisha kusoma na kuandika kwa akina mama wote wanaotaka, na baba anayetaka asione haya, aje. Mwenye mtoto mchanga aje naye.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Susan alivumilia, Emmeline alivumilia, Funmilayo alivumilia, lakini mbivu zililiwa na watoto wao. Tunaowataja leo si watu wa hadithi. Walikuwa walimu, wajane, wauza sokoni, wasichana walioachiwa wadogo zao. Wametuachia kitu kilichokwisha kulipiwa. Itakuwa aibu tukirudishe wenyewe, kwa mikono yetu, kwa ajili ya kupunguza foleni.

 Mungu atujalie amani, hapa tulipo na kule tulikotoka.